Suala la Biasha Halikuwa Mfano

Suala lilitoka nje kabla ya jibu lake, na huko nje ndiko balaa lilikoanzia.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, mtaa wa Kiponda, katika sebule ya chini ya nyumba ya Bi Ulfat. Wanawake walikaa juu ya mikeka. Wengine wametoka kazini, wengine wamepitia sokoni na vikapu vyao vina samaki bado. Mbele yao alikaa Dakta Mize Pandu, mwalimu wa falsafa ya dini, mwanamke mrefu, mwembamba, mzaliwa wa Makunduchi, miwani imemteremka puani. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Chini ya dirisha, upande wa njiani, palikuwa na barza iliyopakwa chokaa, na juu ya barza wanaume wa mtaa walikunywa kahawa. Ungewauliza, wangekwambia wanazungumza habari za mpira. Lakini kila Jumamosi darsa ilipoanza, mpira uliwaishia mdomoni.

Aliyeuliza siku hiyo ni Biasha, muuza achari wa Darajani, ambaye mwaka mzima alikuwa akija, akisikiliza, na kuondoka bila ya kufungua mdomo.

"Dada Mize," alisema, huku anachezea ukingo wa mkeka, "mwanangu Tahir aliumwa figo. Nilimwombea Ramadhani nzima. Nilikuwa nikisujudu sinyanyuki. Mfunguo mosi akafa. Sasa nauliza. Kama kufa kwake kushaandikwa, zile dua zangu nilikuwa nampelekea nani?"

Mwanamke mmoja akatamka "Astaghfirullahi" chini ya ukaya uliomfunika kichwa. Wengine wakainamisha macho. Mize hakuinamisha. Alivua miwani akamtazama Biasha usoni, maana alijua suala lile halikutoka katika kitabu.

"Umeuliza vizuri," alimwambia. "Na mimi nalitia nguvu, ili asije mtu akaliona dogo. Ama mambo yashaandikwa, na dua haibadilishi kitu. Ama hayajaandikwa, na Mungu alikuwa anangoja kuambiwa. Ukishika la kwanza, dua ni kazi bure. Ukishika la pili, umemfanya Mola kama karani asiyejua faili liko wapi. Tutokee wapi?"

Ndipo Mize akafanya kama alivyofanya siku zote.

"Basi hili tunalilaza. Jumamosi ijayo, inshallah. Na aliyeuliza ndiye atakayeanza kujibu."

Wanawake wakaanza kukunja mikeka. Lakini wale wa barzani walikuwa washanyanyuka. Waliondoka na suala peke yake, kama mtu aliyeondoka na mlango akaiacha nyumba. Kabla ya Isha maneno yalikuwa Darajani. Yalipofika Forodhani, kwenye moshi wa mishikaki, yalikuwa yamevaa nguo nyingine kabisa: kuna mwanamke Kiponda, daktari eti, anawafundisha wake za watu kwamba kuomba dua ni kazi bure.

*

Mila ya kulaza suala Mize hakuipata chuo kikuu. Aliipata upenuni kwa bibi yake.

Bi Kidawa, mama wa baba yake, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani huko Makunduchi. Alisomesha watoto na wanawake wa kijiji, kwa bakora fupi ambayo ilimsaidia zaidi kufukuza kuku. Nyumba ilikuwa ya watu wawili wenye kazi mbili. Pandu, baba yake Mize, alilima muhogo na kunde katika ardhi ya maweni, ambako jembe linagonga jiwe kabla ya kugonga udongo. Mama yake alikuwa katika wanawake wa mwanzo pale kijijini kufunga mwani. Maji yakitoka alishuka pwani na kamba na vijiti, na mwani ukishavunwa aliuanika ufukweni.

Sasa, mwani ukinyeshewa unaharibika. Na muhogo usiponyeshewa unakufa. Kwa hiyo asubuhi moja ya masika yaliyochelewa, Mize, mtoto anayesoma juzuu bado, alimwona baba amenyanyua mikono upande mmoja wa ua anaomba mvua, na mama amenyanyua mikono upande wa pili anaomba jua. Akenda chuoni na jambo lake.

"Bibi, Mungu atamsikia nani?"

Watoto wakacheka. Mmoja akasema, "Utapigwa wewe!" Bi Kidawa hakuiangalia hata ile bakora.

"Suala hilo kubwa," alisema. "Kubwa halimezwi saa ile ile, linakwama kooni. Lilaze. Lala nalo. Kesho wewe ndiye utakayeanza kujibu, mimi nitafuatia."

Usiku ule Mize hakulala sana. Asubuhi alisimama mbele ya wenzake, akasema: "Mungu atawasikia wote wawili, halafu atampa mmoja."

"Ehee," alisema Bi Kidawa. "Kumbe kusikia na kutoa si kitu kimoja. Haya, soma."

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya upenu ule. Suala zito halijibiwi siku yake. Linapewa usiku, na mwenyewe anarudi nalo. Bi Kidawa alikuwa akisema kwamba mwalimu anayejibu papo kwa papo anamwibia mwanafunzi usiku wake.

Jibu lile la kitoto lilimchukua Mize njia ndefu. Alikuwa nalo alipokuja mjini kusoma sekondari, akikaa kwa shangazi yake Michenzani. Alikuwa nalo Dar es Salaam, alipomwandikia baba yake kwamba amechagua falsafa, na baba akampigia simu kwa kumsikitikia.

"Mize mwanangu. Falsafa ndiyo mtu anafanya nini akiamka asubuhi?"

"Anafikiri, baba."

"Hata mimi nafikiri. Lakini nafikiri nikiwa na jembe."

Alikwenda nalo mpaka Kuala Lumpur, kwenye shahada ya tatu, na huko ndiko lilikomvunjikia. Mama yake alipata uvimbe tumboni. Mize alimwombea akiwa mbali, katika chumba chenye feni mbovu, na mama akafa kabla ya tikiti kupatikana. Atawasikia wote, atampa mmoja. Alilitamka lile jibu mbele ya kioo na likamtoka kama ganda tupu. Mbona hakupewa yeye? Nani alipewa badala yake?

Wapo watu ambao wangeacha kusali hapo. Wapo ambao wangeacha kuuliza. Mize alikataa yote mawili. Aliitupa tasnifu aliyokuwa ameianza, akaanza nyingine juu ya jambo moja tu: dua isiyojibiwa. Msimamizi wake alimwonya kwamba atachelewa. Alichelewa. Akamaliza.

Aliporudi Unguja alikabidhiwa somo lililokuwa halina mwenyewe, katika chuo kikuu ambacho wanafunzi wengi walikuja kutafuta utalii na uhasibu. Darasa la falsafa ya dini lilikuwa na wanafunzi wa kujaza benchi moja, na mmoja wao alikuwa ameingia kwa kukosea chumba. Walimshauri afundishe kitu chenye manufaa. Aliwajibu kwamba nchi ambayo kila baada ya nyumba chache kuna msikiti, na kila msikiti umejaa watu wanaoomba, haiwezi kuona kufikiri juu ya dua ni anasa. Yule aliyekosea chumba hakutoka tena.

Lakini wanawake aliowakumbuka zaidi, wale wa mwani, wa sokoni, wa majumbani, hawakuwa chuo kikuu. Ndipo Bi Ulfat, mjane wa Kiponda aliyekutana naye kwenye khitma, alipompa sebule ya chini. Na Mize, aliyekuwa akiishi Mbweni katika nyumba ndogo ya kukodi, akaanza kuja mjini kila Jumamosi na mkeka wake kwapani.

*

Jumatatu Bi Ulfat alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Njoo, mwanangu. Shemegi yangu yuko hapa."

Shemegi huyo ni Bwana Sabri, kaka wa marehemu mumewe Bi Ulfat. Nyumba ile ilikuwa wakfu wa ukoo wao, na yeye ndiye msimamizi. Pia ndiye mkubwa wa barza ya nje: pahala pake palikuwa pembeni, pasipopata jua, na hata akiwa hayupo hapakukaliwa. Mize alimkuta amesimama sebuleni, kofia imekaa sawasawa, funguo mkononi.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Kaa."

"Nnashukuru, nitasimama na wewe."

Sabri akakohoa. Hakuwa mtu wa kelele. "Bi Mize, mimi nilikuwa hapo dirishani. Nimesikia kwa masikio yangu. Umesema dua ni kazi bure."

"Nilisema ukishika la kwanza, dua ni kazi bure. Halafu nikasema tutokee wapi. Ulisikia hilo pia?"

"Nililisikia. Lakini hukujibu! Umewaacha wanawake wa watu na shimo, ukaenda zako Mbweni."

"Nimewaacha na usiku, Ami. Jibu ni Jumamosi."

"Mtaa haungoji Jumamosi. Hii nyumba ya marehemu kaka yangu. Kaiweka wakfu kwa kheri, asomewe Yasini humu ndani. Leo napita Mkunazini naulizwa: ile nyumba yenu, eti inafundisha nini siku hizi?" Alifuta jasho kwa leso. Mize aliona kwamba mzee huyu hakuwa na chuki. Alikuwa na aibu, na aibu ya mtu mzima ina nguvu kuliko chuki. "Sitaki kukuvunjia heshima. Ijumaa, baada ya sala, watu wote watakuwa hapo barzani. Njoo useme neno moja. Sema lile suala halikuwa suala. Lilikuwa mfano tu, wa kufundishia. Basi, yameisha. Darsa yako inaendelea."

"Na nisiposema?"

Sabri alizitikisa funguo.

Bi Ulfat akadakia, macho yamemjaa machozi, "Mize, mama, neno moja tu. Mfano! Hata watoto wanapewa mifano."

Mize alitazama chini, kwenye saruji nyekundu iliyong'aa kwa kukaliwa. Neno moja kweli. Wanawake wale walikuwa wamekuja mmoja mmoja, kwa hofu, kwa kuwaficha waume, na sebule hii ndiyo pahala pekee mjini ambapo walikuwa wakiulizana mambo haya bila ya kunyamazishwa. Kwa neno moja angewahifadhia. Lakini alimwona tena Biasha na ule ukingo wa mkeka.

"Nitakupa jibu lako Ijumaa, Ami," alisema.

*

Kesho yake alikwenda Darajani. Biasha alikaa pahala pake, nyuma ya chupa za achari za ndimu na maembe, lakini alikuwa ameuteremsha ukaya mpaka nyusini.

"Dada, usikae hapa," alisema kwa haraka. "Watu wanatizama."

Mize akavuta kreti tupu akakaa. "Wamekuudhi?"

"Jirani yangu kanambia laiti ningeomba kwa imani zaidi, Tahir angepona. Hivyo hivyo, mbele ya wateja. Mwengine kanambia ndiyo maana alikufa, mama mwenyewe ana shaka." Akapanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangika. "Dada Mize, nshasikia anavyotaka Bwana Sabri. Mwambie. Sema lilikuwa mfano. Mie siji tena, na wewe utabaki na darsa yako."

"Biasha. Lilikuwa mfano?"

Mteja alikuja, akaionja achari kwa kidole, akaenda. Biasha alifunga chupa polepole.

"Hapana," alisema.

"Basi siwezi kusema lilikuwa mfano. Nikisema hivyo, nimewaambia kina mama wote waliozika kwamba maumivu yao ni zoezi la darasani."

"Watafunga mlango!"

"Wafunge. Mimi nalikuja kwenye darsa hii kwa sababu ya masuala kama lako. Nikilitupa lako ili nipate kuendelea, nitaendelea na nini?" Akanyanyuka, akajikung'uta vumbi. "Mila ni kwamba wewe ndiye unayeanza. Usije kwa ajili yangu. Lakini ukiwa umelala nalo, njoo useme ulichoamka nacho."

Biasha alimfungia chupa ya achari ya maembe katika gazeti akamtia mkononi, na Mize akaondoka nayo bila ya kujua kama ni ahadi au kwaheri.

Ijumaa barza ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za nyumba ya pili. Alikuwepo Wakil, fundi wa mafriji, mtu wa maskhara ambaye hata msibani lazima amchekeshe mtu. Mize alipotokea kwenye kichochoro, Wakil ndiye aliyemwahi.

"Karibu, Daktari! Mimi nimeomba dua friji za mji huu ziharibike zote, bado hazijaharibika. Nidai wapi?"

"Daiana na wenye mafriji," alisema Mize. "Wao wameomba kinyume chako. Kwa hali yoyote, nyie mnajua kusikiliza dirishani. Leo sikilizeni mbele ya macho."

Wakacheka, hata wale waliokuja na nyuso za hukumu. Sabri hakucheka. Mize alimgeukia yeye, kwa adabu, mikono ameifumbata.

"Ami, uliniambia niseme lilikuwa mfano. Halikuwa mfano. Lilikuwa suala la mtu, na mtu huyo ana haki ya kuliuliza, na mimi nina wajibu wa kulijibu. Jibu ni kesho baada ya alasiri. Nawaomba nyote mje. Mlilichukua suala letu mkalitembeza mji mzima. Basi njooni mchukue na jibu mlitembeze."

"Kwa nini usilijibu hapa hapa?" alipaza sauti mmoja. "Au huna?"

"Ninalo langu. Lakini langu si la kwanza."

Sabri alinyanyuka. Mbele ya watu wote aliingia ndani, wakasikia mlango wa sebule unafungwa, na kitasa kinalia. Alipotoka, zile funguo alizitia mfuko wa kanzu.

"Nimekusikia," alisema. "Na wewe umenisikia."

*

Jumamosi Mize alitoka Mbweni mapema kuliko kawaida. Njiani moyo ulimwambia: hawatakuja. Akaujibu: basi nitakaa peke yangu mpaka magharibi, na Jumamosi ijayo nitakaa tena. Alikuwa ameshakata shauri, na mtu aliyekata shauri haogopi kichochoro kitupu.

Sebule ilikuwa imefungwa. Barza ilikuwa tupu, maana wanaume walikuwa hawajarudi kutoka msikitini. Mize akatandika mkeka wake juu ya barza, pahala pa wanaume, akakaa.

Juu, dirisha likafunguka. Kichwa cha Bi Ulfat kikatokeza, na baada yake kikatokeza kitu kirefu kilichofungwa kamba. Ilikuwa ile kamba ya kikapu, ambayo wanawake wa maghorofani hushushia vikapu kwa wauza mboga wasipopenda kuteremka ngazi. Safari hii haikuwa na kikapu. Ilifunga mikeka ya darsa, yote.

"Shemegi kafunga sebule," alisema Bi Ulfat kutoka juu. "Dirisha langu hakulifunga. Pokea!"

Walikuja. Kwanza walimu wawili wa skuli, wameshikana mikono kama wanavuka njia. Kisha mama mmoja na mabinti zake. Kisha wengi. Barza ilipojaa wakakaa chini, kwenye njia, wakaacha pahala pa baiskeli kupita. Wanaume waliporudi msikitini hawakuwa na pa kukaa.

"Loo," alisema Wakil, "tumepinduliwa!" Akaegemea ukuta wa upande wa pili. Wenzake nao wakaegemea. Sabri alikuja wa mwisho, akaona pembe yake ya kivuli imekaliwa na bibi kizee mwenye fimbo, akabaki amesimama.

Biasha hakuwepo.

Mize alingoja. Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja wa wanaume akasema, "Si umjibu tu, yeye kakimbia." Mize akatikisa kichwa. Aliwaambia kwamba wakati wa mwenye suala bado haujaisha, na akaendelea kungoja, mgongo wima, mbele ya macho ya mtaa mzima. Kungoja kule kulikuwa kuzito kuliko hotuba yoyote aliyowahi kutoa.

Halafu watu wakajongea, wakapisha. Biasha aliingia kichochoroni na kikapu chake cha chupa, anahema. Hakukaa.

"Nimelala nalo," alisema. Sauti ilikatika, akaanza tena. "Nimelala nalo wiki nzima. Mungu anaandika vipi, mie sijui. Nimepata kitu kimoja tu. Tahir alikuwa halali usiku kwa maumivu. Nikimwombea kwa sauti, alikuwa akiitikia amin. Yeye mwenyewe. Hata siku ya mwisho, midomo imekauka, kaitikia. Sasa mtu akinambia dua zangu zilikuwa bure, ina maana mwanangu kasema amin bure. Hilo silikubali. Lakini kwa nini hakupona, bado sijui. Na yule aliyenambia ningeomba kwa imani zaidi" — hapo aligeuka akawatazama watu wote, bila ya ukaya kumfunika — "yeye ndiye aliyemtukana Mungu, si mie."

Akakaa. Yule bibi mwenye fimbo akamshika goti.

Mize hakuharakia. Aliona macho ya watu yamelowa, na alijua kwamba hapo ndipo walimu wengi husimama, wakaliacha chozi lifanye kazi ya hoja. Lakini suala lilikuwa halijesha.

"Biasha katuanzia," alisema. "Kajibu dua ilikuwa nini kwake na kwa mwanawe. Bado lipo lile la kuandikwa. Wapo wanavyuoni waliosema: aliyeandika ugonjwa ndiye aliyeandika dawa, na aliyeandika dawa ndiye aliyeandika dua. Mtu mwenye homa hasemi, imeshaandikwa, sinywi dawa. Kwa hiyo la kwanza katika yale mawili lilikuwa na kasoro: kuandikwa hakuifanyi dua kazi bure, kwa sababu dua imo katika maandiko yenyewe."

Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Wakil akasema, "Hilo basi! Limeisha."

"Halijesha," alisema Mize. "Hilo linamtosha aliyepona. Tahir alipewa dawa, na aliombewa dua. Zote mbili. Bibi yangu alinifundisha kwamba kusikia na kutoa si kitu kimoja. Nikaliamini hilo mpaka mama alipofariki nami niko mbali, kisha nikaliona halitoshi, na leo naliona ni kweli lakini ni nusu. Nusu ya pili sinayo. Nimeisoma miaka, nimeiandika, na sinayo. Ila sitaiziba kwa uongo, wala sitamwacha mtu amzibe Biasha mdomo ili yeye mwenyewe alale vizuri."

Kisha yule aliyemuuliza Ijumaa kama ana jibu akauliza tena, safari hii bila ya kejeli: "Wewe Daktari, unaomba?"

"Kila sala."

"Na hujui?"

"Na sijui. Tizama, ndugu yangu. Biasha aliuliza dua zake alikuwa anampelekea nani. Mtu asiyeamini kwamba yuko wa kusikia hagombani naye, anaondoka zake. Biasha hakuondoka. Alikuja akauliza. Mimi suala lile nalihesabu ni dua."

Bi Ulfat, juu dirishani, alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Sabri aliinua kichwa kumtazama, yule mjane wa kaka yake. Alipozungumza, hakumsemesha Mize kama mkosa.

"Bi Mize. Na sisi tunaowasomea waliokwisha kufa? Kaka yangu anasomewa Yasini kila Alhamisi katika nyumba hii. Yeye kashafika mbele ya haki, hesabu yake imefungwa. Kile kisomo kinamfikia vipi?"

Mize aliipandisha miwani yake. Kwa mara ya kwanza wiki ile alitabasamu, si kwa kushinda, bali kama mkulima aliyeona chipukizi limetokeza kwenye jiwe.

"Umeuliza vizuri, Ami. Kubwa hilo. Tunalilaza."

"Mpaka Jumamosi?"

"Mpaka Jumamosi. Na unaijua mila."

Sabri aliijua, alikuwa ameisikiliza dirishani mwaka mzima. Wakil akashindwa kujizuia: "Bwana Sabri, leo hulali!" Njia nzima ikaangua kicheko, na mzee akatikisa kidole kumwonya, lakini hata yeye ndevu zilimcheza.

Hakuifungua sebule. Hakuna aliyemwomba aifungue. Watu walitawanyika kwa adhana ya magharibi, na maneno yalishuka nao kuelekea Darajani na Forodhani, safari hii suala pamoja na majibu yake, na majibu yenyewe hayakukubaliana. Mize na Biasha walikusanya mikeka, wakaifunga kwenye kamba, fundo juu ya fundo.

"Vuta, Bi Ulfat!" alisema Mize, na mikeka ikaanza kupanda.